MIKONO YETU: Mazulia ya gunia, misimu ya mwaka na hesabu ya Tororo

Muhula wa tatu umeanza na chaki ni chache kama kawaida. Mwezi uliopita tuliahidi kuwaletea habari za safari ya Tororo. Tangu turudi hapa Kiryandongo, kila mtu tunayekutana naye kwenye bomba la maji anauliza, "Mwalimu, mliuza mangapi?" Leo tunajibu. Lakini bei bila kazi haieleweki, na wengi wenu mmetuomba tuandike vile mazulia haya yanashonwa. Kwa hivyo tutaanza na kazi, halafu tutafika kwenye pesa. Mwenye haraka asiruke mbele, maana hesabu iko mwishoni na inahusu kila nyumba.

KAZI HII ILITOKA MULANDA

Wageni waliofika juzi huenda hawajui kwamba kikundi chetu cha mazulia hakikuzaliwa hapa. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, watu walikimbia vurugu wakavuka mpaka kupitia Malaba na Busia. Wengi wetu tulipelekwa kambi ya Mulanda, katika wilaya ya Tororo. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa watoto wa darasa la pili na la tatu. Mvua za Machi 2008 zilitukuta tukiwa ndani ya mahema, na tope lilikuwa linaingia na kila mguu.

Wamama walianza kwa kutandika gunia tupu mlangoni. Gunia likilowa linanuka, likikauka linakuwa gumu kama ubao. Ndipo shosho mmoja akachukua msumari, akaukunja ncha, akauchomeka kwenye kijiti, akaanza kuvuta vipande vya nguo zilizochanika kupitia matundu ya gunia. Wengine wakamzunguka kuangalia. Wiki mbili baadaye, mahema ya mstari ule yalikuwa na zulia mlangoni. Kusema ukweli haikuwa biashara. Ilikuwa ni kwa ajili ya miguu ya watoto tu.

Tarehe 28 Februari 2008 viongozi wa Kenya walikuwa wametia sahihi mapatano. Baadaye wako waliorudi, na wako ambao hawakuwa na pa kurudi. Sisi wa kundi la pili tukaletwa Kiryandongo, na kulabu zikaja ndani ya sufuria pamoja na vijiko.

Leo kikundi kina watu 16. Wako wa Mulanda. Wako jirani zetu Wagisu, waliohamishiwa huku baada ya mlima kuporomoka Bududa tarehe 1 Machi 2010. Wako wa Sudan Kusini. Na tangu vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, tumepata dada wawili wa kutoka huko. Kiswahili chao bado kinatambaa lakini vidole vyao vinakimbia kutushinda wote.

VIFAA NA MAHALI PAKE

Kwanza gunia. Magunia mengi ya siku hizi ni ya nailoni, na hayo hayafai. Nyuzi zake ni bapa na zinateleza, ukivuta kitambaa kinalegea na kutoka. Linalotakiwa ni gunia la juti au la katani, lile la kubebea kahawa, kwa sababu uzi wake una nywele na unashika. Kahawa ya mlima Elgon inapita Mbale, na kutoka Mbale hadi Tororo si mbali. Mama mmoja Mgisu wa kikundi chetu ndiye anajua kuchagua. Anashika gunia, analiangalia kwenye jua, analinusa, halafu anasema ndiyo au hapana. Gunia lililokaa na unyevu linakatika mkononi hata kama kwa macho ni jipya.

Pili matambara. Nguo za mitumba zinaingia bandari ya Mombasa, zinapanda barabara, na nyingi zinafika soko la Busia. Belo likifunguliwa, daima kuna nguo zenye madoa au zilizopasuka ambazo hakuna atakayevaa. Hizo tunanunua kwa rundo. Tisheti ni bora kuliko zote, kwa sababu ukiikata haichomoki nyuzi, inajikunja yenyewe. Sweta kuukuu tunafumua tupate uzi. Kitambaa cha shati ni kigumu kidogo, kinachomoka pembeni, lakini kwa rangi nyeupe hatuna kingine.

Tatu kulabu. Siku hizi hatutumii tena msumari. Tunatumia spoki ya baiskeli, iliyokunjwa ncha na kusuguliwa kwa jiwe mpaka isikwaruze, na mpini wa kijiti. Na spoki ukiitaka, nenda mpakani! Neno boda boda lenyewe lilizaliwa Busia, vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba watu kati ya vituo viwili vya mpaka huku wakiita "boda! boda!" Sasa wengi wana pikipiki, lakini mafundi wa baiskeli bado wapo, na spoki zilizovunjika wanakupa kwa bei ya soda moja.

NAMNA YA KUSHONA

Gunia likifumuliwa pembeni na kufunguliwa linatoa vipande vinne vya sentimita 50 kwa 70. Chukua kimoja. Chora mstari sentimita 5 ndani kila upande, hiyo ndiyo ya kukunja. Inabaki 40 kwa 60. Kibane kwenye fremu ya mbao nne na misumari, kikazwe mpaka ukikigonga kilie kama ngoma. Kikilegea kazi yote italegea.

Kata kitambaa vipande vyembamba, upana wa kidole kidogo au chini yake. Shika kipande kwa mkono wa kushoto, chini ya gunia. Mkono wa kulia, juu, ingiza kulabu kwenye tundu, kamata kitambaa, vuta kitanzi juu kiasi cha nusu ya kidole. Ruka nyuzi mbili au tatu za gunia, ingiza tena. Hakuna fundo hata moja. Vitanzi vinashikana kwa kubanana, kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Ukiacha nafasi kubwa vitachomoka, ukibananisha mno zulia litajikunja kama chapati iliyoungua.

Kujua kama kitambaa kitatosha, kikunje mara nne au tano juu ya sehemu unayotaka kujaza. Kikifunika sehemu yote kikiwa na mikunjo hiyo, kinatosha. Zulia moja la mlangoni linakula tisheti tatu hivi za mtu mzima.

Iko njia ya pili, ya sindano ya bomba. Fundi wa redio alitutengenezea kwa kipande cha eriali kuukuu, amekikata ncha mshazari na kutoboa tundu. Uzi wa sweta unapita ndani ya bomba. Unadunga gunia mpaka mpini uguse, unatoa bila kuinua juu, unasogea kidogo, unadunga tena. Ni haraka sana na watoto wa darasa la sita wanaijua kwa siku moja. Lakini angalia: kwa njia hii unafanyia kazi upande wa nyuma, na vitanzi vinatokea upande wa mbele. Kwa hivyo maandishi lazima yachorwe kinyume. Ukiandika KARIBU kama kawaida, mgeni wako atasimama mlangoni akisoma UBIRAK, na herufi zenyewe zimegeuka.

KILA MSIMU NA KAZI YAKE

Mwenye kudhani unaweza kushona zulia siku yoyote hajakaa na mkulima. Sisi tunafuata mvua.

Machi hadi Mei ni mvua ya kwanza. Asubuhi watu wako shambani, mahindi na maharage hayangoji. Mchana mvua ikinyesha ndipo tunakaa darasani kwetu, madawati yakisogezwa, tunashona. Ni miezi ya hadithi nyingi na pesa kidogo.

Juni na Julai mvua inapungua, watu wanavuna. Hapo kushona kunapungua. Lakini jua ni zuri kwa kufua matambara na kuanika magunia, kwa hivyo hiyo ndiyo miezi ya kufua, kukata na kupanga rangi. Watoto wanapenda kazi ya kupanga rangi, na sisi walimu tunaitumia kufundisha hesabu bila wao kujua.

Agosti hadi Novemba mvua ya pili. Tunashona sana, kwa sababu tunaiangalia Desemba.

Desemba hadi Februari ni kiangazi. Shamba limelala. Kwa mikono ndiyo miezi mizuri kabisa, mchana kutwa chini ya mwembe. Kwa mfuko ndiyo miezi mibaya. Krismasi imekula, ghala linapungua, na Februari muhula wa kwanza unafungua na karo inatakiwa. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa hadi asilimia 70 mnamo Aprili 2020, halafu 60 mnamo Februari 2021, halafu tangu Julai 2023 watu wakagawanywa kwa makundi na wengine wakaondolewa kabisa, miezi hii imekuwa mirefu zaidi. Na hapo ndipo mnunuzi anatokea.

WENZETU WA NCHI YA BARIDI

Msidhani ni sisi peke yetu. Huko Newfoundland na Labrador, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, wake za wavuvi walishona mazulia ya namna hii hii. Gunia lile lile la juti, matambara yale yale, kulabu ya msumari ile ile. Wao msimu wao ulikuwa mwisho wa baridi, Februari na Machi, wakati bahari imeganda na hakuna samaki.

Daktari Mwingereza aitwaye Wilfred Grenfell alifika Labrador mwaka 1892. Misheni yake ilipoona mazulia hayo, ikaanza kuyakusanya kutoka vijijini na kuyauza mbali, Marekani, Kanada na Uingereza. Katika miaka ya 1920 kazi ilipanuka sana, hata wanawake wa miji mikubwa wakaombwa watume soksi zao za hariri zilizochanika ili zikatwe na kushonwa. Mwanamke mmoja na zulia lake moja bandarini angemuuzia nani? Lakini mazulia mengi pamoja yaliweza kulipa nauli ya meli.

Upande wa pili pia tuuseme. Michoro mingi ilitoka kwa misheni, si kwa mshonaji, na soko lilikuwa mbali mikononi mwa watu wengine. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipoingia, wanunuzi wakapungua, na wenye kuumia wakawa wale walioshika kulabu. Kwa hivyo tujifunze mambo mawili: tukusanye pamoja, na tusiwe na mteja mmoja tu.

SASA HESABU

Haya, mliokuwa mnangoja. Zulia moja linatumia gunia la shilingi 1,000 (gunia zima tunanunua 4,000), matambara ya 2,000, na uzi na mengineyo 500. Jumla 3,500. Kulishona ni saa 12 hivi.

Mnunuzi anayekuja kambini mwezi wa Februari analipa 6,000. Toa 3,500, unabaki na 2,500 kwa saa 12. Hiyo ni kama shilingi 208 kwa saa.

Agosti hii tulikwenda watu wawili na mazulia 40. Tulilala Tororo, chini ya ule mwamba unaoonekana kabla hujauona mji, kisha tukauza Malaba na Busia upande wa Uganda. Hatukuvuka. Wenye mazulia wale wa Mulanda walitutuma tuangalie kama ng'ambo ya mto bado kuko vile, na tumewajibu kwamba malori yako mengi na watu wanapita na mizigo yao bila wasiwasi.

Tuliyauza yote. Mengine yalikwenda 18,000, mengine 12,000, wastani 15,000. Jumla 600,000. Nauli, chakula na malazi vilikula 240,000, yaani 6,000 kwa kila zulia. Toa na zile 3,500 za vifaa, mshonaji amebaki na 5,500 kwa zulia. Ni zaidi ya mara mbili ya Februari.

Sasa angalieni jambo moja. Ile 240,000 haibadiliki, uende na mazulia kumi au mia. Tungekwenda na 60, kila zulia lingebeba 4,000 tu, na mshonaji angebaki na 7,500, mara tatu ya mnunuzi wa hapa. Lakini tungekwenda na 20, kila zulia lingebeba 12,000, na mshonaji angepata hasara ya 500. Tumepiga hesabu mara mbili ubaoni, na wanafunzi wa darasa la saba wamehakikisha: chini ya mazulia 27, ni afadhali kukaa nyumbani na kumuuzia yule mnunuzi.

Mmeona tatizo liko wapi? Kila mmoja wetu akitoa lake moja kwenye rundo kwa sababu ya shida ya leo, anashusha bei ya wenzake wote. Na shida ya leo ni ya kweli. Mtoto akiwa na malaria huwezi kumwambia angoja Desemba. Yule mnunuzi anajua. Tulimkuta Busia, akayashika mazulia yetu, akasema bila kuficha, "Mwalimu, mali ni safi. Lakini Februari nitayapata kwa elfu sita." Hakusema kwa ubaya. Yeye anajua kalenda yetu kutushinda.

JAMBO LA KUAMUA

Leo tunavyoandika, kwenye rundo la Desemba kuna mazulia 19. Wiki iliyopita wamama wawili wamekuja kuomba yao, jumla manne. Mmoja ana karo ya kijana wa sekondari, mwingine nyumba yake imeondolewa kwenye mgao. Hakuna aliyewalaumu. Lakini 19 ukitoa 4 ni 15, na wengine wanaangalia wafuate.

Kikao kilikaa jioni mbili. Wengine walisema kila mtu achukue lake, mali ni yake. Wengine wakasema sheria ni sheria, hakuna kutoa. Shosho, yule yule wa msumari wa Mulanda, alisikiliza mpaka watu wakachoka, halafu akasema: "Mnabishana juu ya zulia. Yeye haitaji zulia, anahitaji elfu sita."

Basi tumekubaliana hivi. Mwenye shida hatoi zulia. Sanduku la kikundi linampa 6,000 kwa kila zulia lake, bei ile ile ambayo angepewa na mnunuzi. Zulia linabaki kwenye rundo. Likiuzwa Desemba, sanduku linarudishiwa 6,000 yake, na iliyobaki baada ya gharama ni yake mwenyewe. Wale wamama wawili wamepata 24,000 zao siku hiyo hiyo, na mazulia yao manne bado yako nasi.

Sanduku lilikuwa na 108,000, sasa lina 84,000. Hizo zinatosha mazulia 14. Yaliyobaki kwenye rundo bila kulipiwa ni 15. Yaani siku hii ya leo, kila mmoja akija na shida yake, tumepungukiwa na shilingi 6,000 tu. Lakini rundo likikua kuelekea 60, na sanduku lisipokua, tutarudi pale pale, kila mtu na lake, na mnunuzi mlangoni.

Kwa hivyo tunaomba. Kila mwanakikundi alete 1,000 kwa wiki kuanzia Jumamosi hii mpaka mwisho wa Novemba. Asiye na 1,000 alete tisheti tatu zilizofuliwa, tutahesabu. Wale ambao si wanakikundi lakini wanataka kujifunza, njooni Jumamosi saa nane mchana, darasa la mwisho karibu na mti. Leteni mkasi kama mnao. Kulabu tutawapa, spoki za Busia bado zipo kumi na mbili.

Wazazi ambao watoto wao wanajifunza sindano ya bomba, tafadhali waambieni warudishe sindano shuleni baada ya kazi. Eriali zimekwisha, na mwenye redio nzima asije akashangaa asubuhi amekuta haishiki stesheni.

Mwezi ujao tutawaambia rundo limefika ngapi. Tunawatakia mvua ya kiasi na afya njema.

Ni sisi wenu,
Walimu wa kujitolea